Ulezi Alioukataa Mama

Siku mama yangu alipousukuma mbali ugali wa ulezi naikumbuka hata leo, mjukuu wangu, maana mtu wa Ufipa hakatai ulezi bila jambo zito moyoni. Ilikuwa Kwaresima, zama zile za vijiji vya ujamaa, nasi tulikuwa tumehamia kijiji kipya upande wa Kaengesa. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, mdadisi wa kila kitu. Nilimwangalia mama akila viazi vitupu, nikajiambia: anafunga. Sikuuliza.

Niseme kwanza yaliyotangulia. Kabla ya hapo nilikuwa nimempeleka hospitali mjini Sumbawanga, kwa sababu moyo wake ulikuwa na tabia ya kuanza mbio ghafla, hata akiwa ameketi anachambua maharage. Daktari alikuwa kijana kutoka Mbeya, Kifipa hakijui, na Kiswahili cha mama kilitosha kununulia chumvi tu. Basi nikawa mkalimani.

Daktari alieleza kwamba ndani ya nyama ya moyo mna milango midogo sana isiyoonekana kwa macho. Madini yanayoitwa kalsiamu yakipita humo, moyo hujikaza na kupiga. Tena pale pigo linapoanzia, madini hayohayo ndiyo yanayohimiza mwendo. Vidonge alivyompa, verapamili, vinaizuia milango hiyo isifunguke ovyo, mapigo yapungue kasi. Lo, nilivyoyapenda maelezo yale! Njia nzima nilijishika kifua nikisikiliza.

"Na hiyo kalsiamu inatoka wapi?" mama alikuwa amemuuliza daktari kupitia kwangu, kabla hatujaondoka.

"Kwenye chakula, mama. Maziwa, dagaa. Na huu ulezi wenu unayo kwa wingi."

Mama aliitikia kwa kichwa. Nilidhani ameridhika, kumbe alikuwa akiwaza yake.

Asubuhi moja tulikuwa shamba la kijiji, tunafukia majani kwenye matuta, ukungu bado haujainuka. Mama akalaza jembe, akaketi juu ya tuta, midomo imemkauka. Nilimshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yakikimbizana hata sikuweza kuyafuata. Niliogopa, mwanangu. Baba alikuwa ameshafariki, nami sikuwa na mwingine. Wenzetu wakampakia kwenye lori la kijiji, tukaenda mjini.

Alipotulia, daktari yule yule akaja kitandani.

"Shikamoo mama. Vidonge unameza?"

"Marahaba. Vya nini tena?" mama alijibu, nami nikatafsiri huku nimeduwaa. "Ulisema hiyo kalsiamu inatoka kwenye ulezi. Ulezi nimeuacha, na vidonge navyo. Nifunge mlango wa nini, na mgeni mwenyewe sijamwalika?"

Daktari hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi.

"Mama, mifupa yako ni kihenge, ghala la kuwekea kalsiamu. Usipokula, mwili unachota humo, ili damu ipate kiasi chake kilekile. Moyo wala haujui kama umeacha ulezi. Ulikuwa unakula mifupa yako mwenyewe."

Udadisi ukamshinda mama.

"Na ile inayozuiwa mlangoni, inakwenda wapi?"

"Inabaki inazunguka na damu," daktari alisema, sasa anatabasamu. "Wala hatufungi milango yote, mama. Tukifunga yote, moyo utasimama. Kwa hiyo ukisikia kizunguzungu, au mapigo yakawa ya polepole mno, usikae nyumbani. Njoo."

Tukiwa njiani kurudi ndipo nilipopata somo langu. "Wewe uliyesoma," mama aliniambia, "uliniona naacha ugali siku zote zile. Mbona hukuniuliza sababu?" Jioni alimeza kidonge, akala ulezi. Siku zilizofuata nilikuwa namshika mkono kila asubuhi, na mapigo yalikuja taratibu, moja nyuma ya jingine. Sijapata kushika kitu kitamu kama kile.

Mwanangu, vidonge vya ukoo ule wa kuzuia milango ya kalsiamu siku hizi ni vingi, na si vyote vinavyopunguza mapigo. Vingine kazi yake kubwa ni kulegeza mishipa ya damu, nami nameza hivyo kwa ajili ya presha. Ninalotaka ulishike ni hili. Ukipewa dawa, uliza inafanyaje kazi, uliza mpaka uonekane msumbufu. Na wazo lako likikuambia uiache, lipeleke kwanza kwa aliyekupa. Mama yangu alikuwa na akili nyingi; alichokosa ni mtu wa kumsikiliza akiwaza.

Kwa hiyo ukija siku moja ukaniona nimesukuma sahani, usiseme bibi anafunga. Kaa karibu, nishike mkono, niulize.

Mungu akupe moyo wenye mwendo mzuri, na akuwekee karibu mtu wa kukuuliza. Amina.