Kisu Mfukoni mwa Kanzu

Kuna Alhamisi moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Naikumbuka kuliko siku niliyooa, na mamako asinisikie. Nakueleza leo, mwanangu, kwa sababu juzi umerudi kutoka bandarini Kilindini, kazi yako mpya hata mwezi haijatimia, na nimekiona kile kisu cha kukunja ulichokibana kwenye mdomo wa mfuko wa suruali, mpini nje, kila mpita njia akione. Nilikunywa chai yangu, nawe ukadhani mzee hajaona.

Nimeona. Na mimi niliwahi kuwa na kisu kama hicho.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nafunga mizigo katika duka la vinyago pale Ndia Kuu. Watalii wakishanunua vitu vyao mbele, sisi kule nyuma tunavizungushia magazeti, tunavipanga sandukuni pamoja na nyasi kavu, kisha tunafunga kamba ya katani. Mkubwa wangu katika kazi hiyo alikuwa Mzee Karisa, mtu wa Kaloleni, mwembamba, mpole, maneno yake ya kuhesabika. Ndiye aliyenifundisha kumfunga twiga wa mti asafiri mpaka Ulaya bila kuvunjika shingo, na hiyo si kazi ndogo, usicheke.

Kisu alinipa yeye. Kilikuwa na mpini mweusi na ubapa mfupi uliokonda kwa kunolewa. Kilikuwa kigumu, kukifungua lazima utumie mikono miwili na ukucha. Kabla ya kunikabidhi alikizungushia uzi wa katani mara mbili, akaukaza.

“Kikae chini kabisa mfukoni,” aliniambia, “na uzi huu usiutoe mpaka wakati wa kukata. Ukivua nguo, kitoe kabla hujaitundika. Nguo zako hufuliwa na nani?”

“Na mama mdogo.”

“Basi mkumbuke huyo.”

Mama mdogo ndiye nyanyako Zuhura, Mungu amrehemu. Mamangu alipofariki yeye alinichukua, akanilea katika vyumba viwili vya ghorofani hapo Mji wa Kale. Wewe ulimjua uzeeni, na kile kidole chake cha shahada kilichosimama wima hata akishika kikombe. Nyinyi watoto mlikuwa mkidhani amezaliwa nacho. Hakuzaliwa nacho. Alikuwa mshonaji kofia, na si kofia za kubahatisha. Akichora maua yake kwa penseli kwenye kitambaa, akaanza kutoboa na kushona vito, vile vitundu vya kofia vinavyozungushiwa uzi, watu walikuwa wakingoja miezi mpaka zamu yao ifike, na hawanung'uniki.

Wiki mbili nilimsikiliza Mzee Karisa. Wiki ya tatu rafiki yetu mmoja, baharia, alirudi safarini na kisu cha kigeni. Tukiwa tumekaa barazani baada ya kazi, anatikisa mkono mmoja tu, kisu tak! kimefunguka. Barazani hapakuwa na mazungumzo mengine wiki nzima. Mimi nikatoa changu chenye uzi, wakaniuliza kama nimefunga hirizi. Walicheka mpaka wengine wakajipangusa machozi, nami moyo ukaniuma kwa jambo la kipuuzi kama lile.

Nilikwenda nyumbani nikachukua bisibisi, nikailegeza skrubu ya kile kisu. Nikatia mafuta ya cherehani, mafuta ya mama mdogo mwenyewe, tone baada ya tone, nikikitikisa mpaka kikawa chafunguka kwa mkono mmoja. Uzi wa Mzee Karisa nikautupa dirishani. Kesho yake kazini mzee aliona ubapa wake ulivyoning'inia.

“Kisu hicho kimelegea,” alisema.

“Najua ninachofanya, mzee.”

Akarudi kwenye kamba zake. Hakunirudia tena, na mimi niliona nimeshinda.

Jumatano alasiri palikuwa na nikahi ya jirani. Nilivaa kanzu, na kisu nikakitia mfukoni mwa kanzu. Sasa wewe niambie, nikahini kisu cha nini? Kukata halua? Nilikichukua kwa sababu baada ya nikahi tungekaa barazani, na mimi nilitaka kufanya tak yangu. Mfuko wa kanzu unaujua: mrefu, mpana, kitu kinacheza ndani yake kinavyotaka. Niliporudi nilivua nikaitundika kanzu msumarini, kisu kimo ndani.

Alhamisi asubuhi ilikuwa siku yake ya kufua, kanzu ipate kukauka na kupigwa pasi kwa ajili ya Ijumaa. Mimi nilikuwa nimeketi nakula mahamri yangu na mbaazi. Yeye alikuwa uani, beseni la maji ya buluu ya kung'arishia nguo nyeupe liko mbele yake. Alikuwa na desturi ya kupekua mifuko kabla ya kuloweka, kwani mara moja aliwahi kunifulia karatasi ya muhimu ikawa uji. Nilimsikia akiniita. Hakupiga kelele. Aliniita jina langu mara moja tu, “Athmani,” kwa sauti kama ya mtu anayekuomba umletee kitu.

Kisu kilikuwa kimejifungua chenyewe mle mfukoni, naye alikuwa amesukuma mkono kwa nguvu. Nilipofika alikuwa amekizungushia kitambaa cha leso kile kiganja, na ile buluu ya beseni ilikuwa si buluu tena.

Hospitalini walimshona. Daktari akatueleza kwamba ule mshipa unaokunja kidole cha shahada umekatika wote, na hata wakiuunga, kidole hakitarudi kama kilivyokuwa. Mama mdogo akauliza swali moja: ataweza kushika sindano? Daktari akageukia cheti cha dawa, na mama mdogo akaelewa.

Tulikaa kwenye benchi tukingojea dawa. Alikuwa na kile kisu mkobani, akakitoa, akakitikisa kwa mkono wa kushoto. Kikafunguka.

“Kisu hichi,” alisema, “kilikuwa hivi tangu ulipopewa?”

Mwanangu, nilikuwa na nafasi hapo. Hakuna aliyenishika koo. Neno moja la kweli lingetosha, na yule mama angenigombeza, angelia, na yangekwisha. Nilimtazama mkono wake, nikaona haya, na haya yenyewe ikanigeuzia mdomo upande usiofaa.

“Ndivyo alivyonipa mzee,” nikamwambia.

Siku ya tatu alikuja Ndia Kuu na buibui lake, mkono umefungwa bendeji. Sikujua kama atakuja. Aliingia moja kwa moja mpaka nyuma ya duka, na salamu hakutoa, yeye ambaye hata paka wa mtaani alikuwa akimsalimu.

“Mzee mzima wewe,” alimwambia Mzee Karisa, “wampa mwanangu kisu kibovu! Umenitinda mkono wangu, na mimi sina lingine nijualo ila sindano. Sikwambii kitu. Namwachia Mungu.”

Mzee Karisa hakumtazama yeye kwanza. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimeshika twiga, namzungushia gazeti. Niliendelea kuzungusha. Gazeti likaisha nikachukua lingine, nikaendelea kuzungusha.

“Pole, mama,” mzee akasema. “Pole sana.”

Mama mdogo alipoondoka nilingoja mzee anitukane, na nilitamani anitukane. Hakunitukana. Ila zamani alikuwa akiniita “kijana wangu,” na tangu siku ile aliniita Athmani. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mitatu, mpaka alipochoka akarudi kwao Kaloleni, na kila siku ya miaka hiyo nilikwenda kazini nikiwa na maneno mdomoni, nikarudi nayo nyumbani.

Kule nyumbani mambo yalikuwa mazito zaidi. Mama mdogo alijaribu kushona kwa mkono wa kushoto, akaacha. Alikuwa ameanza kunishonea kofia ya harusi yangu, kwa siri, akidhani sijui. Ilibakia vilevile: upande mmoja umejaa vito, upande wa pili maua ya penseli matupu. Siku ya harusi nilivaa ya kununua. Na kila kidole kilipomkatalia, awe achambua mchele au afunga kifungo, alikuwa akisema, “Mungu anilipie kwa mzee yule.” Alisema hivyo miaka na miaka. Mimi niko hapo hapo, nasikia, nakula chakula chake.

Siku moja alikuja mtu wa Kaloleni dukani kutuletea mikeka. Nikamuuliza habari za Mzee Karisa. Akaniambia amezikwa mwezi uliopita.

Nilikwenda nyumbani mchana ule ule, nikaketi mbele ya mama mdogo, nikamwambia yote: skrubu, mafuta, uzi niliotupa, benchi la hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalia kwa sababu ya kidole.

“Mkono wangu nilikusamehe siku ile ile, hata bila kujua,” alisema. “Lakini mzee wa watu nimemuapiza miaka yote hini, na hana kosa. Sasa radhi zake nizitake kwa nani?”

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Tulikwenda Kaloleni, mimi na yeye. Mjane wa mzee alitupokea vizuri, akatuletea maji ya dafu. Mama mdogo akamweleza kilichotuleta. Yule mjane akatusikiliza kwa mshangao, akasema mumewe hajawahi kumtajia habari ya kisu chochote. Njia nzima ya kurudi mama mdogo alinigeuzia mgongo, na sikumlaumu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kisu cha kazi ni haki yako. Bandarini utakata kamba kwa meno? Lakini kitoe hapo mdomoni mwa mfuko. Hapo kinawaambia watu kitu ambacho wewe hukukusudia kusema, na siku ya ugomvi mkono wako utakwenda hapo kabla ya akili. Tafuta ala ya ngozi, au kizungushie uzi, kikae chini kabisa. Kiwe kigumu, kikuchoshe kukifungua. Vijana wenzako wakikucheka, wacha wacheke. Ukifika nyumbani, kabla hujavua, kitoe ukiweke juu ya kabati, mahali pale pale kila siku, kwa sababu nguo zako anazifua mtu, na mtu huyo ana mikono.

Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, ukiwa bado benchini. Usingoje mwenye haki yake azikwe.

Chukua kibonge hiki cha uzi wa katani. Nimekinunua jana kwa ajili yako. Mungu akuhifadhie mikono yako, akuhifadhie na ya wale wanaokufulia na kukupikia, akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli, na akujaalie usilale hata siku moja na haki ya mtu shingoni. Amina. Haya, lete kisu hicho nikifunge.