Benchi la Akina Mama

Mwosha magari wa mtaa wa Kiandutu ana miaka kumi na saba na binti wa miezi tisa. Viganja vyake vimepasuka kwa sabuni, kwa hivyo humvalisha mtoto kwa ncha za vidole, kama anayepanga mayai kwenye trei. Kabla ya kumbeba hunusa mikono; ikinuka dizeli, ananawa tena. Shuleni walimfundisha sehemu zote za ua, ila kubadilisha nepi hakukuwa kwenye mtihani. Kwenye kliniki huketi katikati ya benchi la akina mama, kofia kichwani, na hasogei.

Jumanne muuguzi alimtazama juu hadi chini. “Kijana, sindano ya surua ni mpaka mama yake akuje.”

“Mama yake ako kwa mtihani, sista.”

“Basi rudi kesho.”

Benchi zima likacheka. Yeye akafungua kijitabu cha kliniki. “Kesho pia ako kwa mtihani, wa hesabu. Hapa mmeandika miezi tisa, na ametimiza leo. Leo mama ni mimi.” Akamkunjia mtoto mkono wa sweta, ule wa kulia unaodungwa surua, bila kuulizwa.

Muuguzi akachukua sindano. “Haya, mshike vizuri.”

“Nimemshika miezi tisa, sista.”