Mafundo Matatu ya Tusajigwe

Wakuu, jeneza dogo kuliko yote niliyowahi kutengeneza nilimtengenezea mwanangu. Na mimi ndiye niliyemnyima nafasi ya kuishi.

Mbalizi, 1977. Nilikuwa seremala. Vitanda, milango, na majeneza msiba ukitokea.

Mzee Kalinga, aliyenifundisha kazi kule Iringa, alikuwa na sharti moja: futikamba haigusi mtu aliye hai. Ukimpima, umeshamwandalia sanduku. Nililishika sharti hilo kama amri ya kanisani.

Siku moja mke wangu Tusajigwe, mimba ya kwanza, miezi sita, akarudi kutoka kliniki anacheka.

"Fundi, leo nesi Matilda kanipima tumbo na futikamba!"

Nikaweka randa chini. "Kakupima na nini?"

"Futikamba. Anasema mtoto mdogo. Nirudi kila mwezi, tumbo lisipopanda wananipeleka hospitali, Mbeya mjini."

"Huendi tena."

"Kwani nesi anauza majeneza?"

Nilifoka hadi majirani wakasikia. Tusajigwe akaingia ndani. Kliniki ikaishia hapo, na mimi nikajiona kidume, nimeokoa familia.

Mtoto alizaliwa nyumbani, miezi tisa imetimia. Wa kiume. Alienea kwenye viganja vyangu viwili. Hakulia hata mara moja.

Nikachukua futikamba, nikampima. Inchi kumi na sita. Macho yalijaa machozi, ikabidi nirudie kusoma.

Baada ya mazishi nilifungua sanduku la nguo kutafuta kanga safi. Nikakuta kipande cha uzi wa katani. Kina mafundo matatu, yamebanana sehemu moja.

"Nini hiki?"

"Ulikataa futikamba. Hukukataa uzi," akasema bila kuniangalia. "Nilikuwa najipima, kama nesi alivyofanya. Fundo hili mwezi wa sita, hili wa saba, hili wa nane. Tumbo halikupanda, Fundi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungefoka."

Nililia siku ile kuliko pale makaburini. Miezi miwili mke wangu alijua mtoto hakui, na hospitali ipo. Aliyekuwa anamwogopa ni mimi.

Juzi mjukuu wangu Tekla kaenda kupima ultrasaundi, kaambiwa mtoto mdogo, arudi baada ya wiki mbili. Mumewe anagoma, eti vipimo vingi vinaharibu mimba.

Nimemwita huyo kijana nyumbani kesho. Uzi ninao mpaka leo, nitampa aushike.

Wanaume wenzangu, mkeo akirudi kutoka kliniki na neno, kaa umsikilize. Mimi nilifoka mara moja tu.