Bastola ya kale niliyoipasha moto kazini, Jacobs (Durban)

Wakuu, habari za kazi. Kisa hiki nimekaa nacho miaka zaidi ya ishirini. Siongezi chumvi, kilivyo kinatosha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi kwenye workshop moja Jacobs, Durban. Wenzangu walinunua redio, mimi nikakusanya bastola za kale za wanajeshi.

Zile za fataki. Baruti na risasi unashindilia kupitia mdomoni, nyundo inagonga fataki, moto unaingia. Ni mdogo wake gobore. Msinicheke, kila mtu na ugonjwa wake.

Ya tatu niliipata Jumapili kwenye soko la vitu vya zamani. Kutu tupu! Nilipofika chumbani kwangu Sydenham nikapigwa picha nimejiwekea mdomo wake kichwani, meno yote nje. Ya kumtumia mama Tanga.

Jumatatu nikaenda nayo kazini. Kile kinundu cha kuvalisha fataki, kule nyuma ya bomba, kilikuwa kimeganda, hakifunguki. Saa ya chai nikaibana kwenye vaisi, nikawasha gesi, nikaanza kukipasha moto kilegee.

Papa Mbuyi, mchomeleaji wetu kutoka Lubumbashi, akaja na kikombe chake akakaa ng'ambo ya meza. Mdomo wa bastola unamtazama kifuani. Wala sikuliona hilo.

Akauliza, "Ndugu, ulipima mule ndani?"

"Nipime nini? Hii ina miaka zaidi ya mia."

"Eish! Zima! Zima moto!" Akajitupa chini, chai ikamwagika.

Nikazima. Tukajibanza nyuma ya mashine, chuma kinapoa kinalia ti, ti, ti. Sijawahi kuogopa vile maishani.

Ilipopoa kabisa, Mbuyi akasimama pembeni, akaingiza kijiti kwenye mdomo wa bastola mpaka kikagota, akakishika hapo kwa kucha. Akakilaza juu ya bomba kwa nje. Kilitakiwa kifike usawa wa kinundu. Kilipungua vidole viwili.

"Baba yangu alikuwa na gobore," akasema. "Hii iko na mzigo."

Tuliilaza kwenye ndoo ya maji, baruti ilowe. Kesho yake tukachokoa risasi ya duara, nyuma yake tope jeusi la baruti. Nikamwomba msamaha huku machozi yananitoka.

"Sharp, ndugu, yameisha. Lakini chai yangu utanirudishia."

Nilichojifunza: pima kwanza, hata ukiambiwa ni pambo tu.

Mama aliitia ile picha fremu, iko sebuleni Tanga mpaka leo. Wageni wanacheka. Mimi naangalia kidole changu, kiko kwenye triga.

Nyie wenye gobore la babu ukutani, mmeshapima? Semeni hapa.