Mlonge wa Marsiana

Mzee Osward ni mtu mkarimu, muulize yeyote wa mtaa wa Viwanja Sitini. Mchele anatoa, kuku anatoa, jembe anaazima hata kwa watu wasiojua kurudisha vitu. Lakini jani la mlonge ule wa nyuma ya jiko, hata padri angeomba asingepata. Aliupanda marehemu mkewe, Marsiana, walipohamia Ifakara kutoka Mahenge, na tangu azikwe, miaka miwili sasa, hakuna mkono ulioruhusiwa kuuchuma. Jirani yao Paskazia, aliyezoea kupata mboga pale, alijaribu akarudi na ungo mtupu.

Kwa hiyo Levina, binti wa Osward, alipokuja kutoka chuoni Morogoro kuomba tawi, alijua anaomba nini.

Levina anasomea kemia. Huchemsha majani ya mlonge, maji yake akayachanganya na chumvi ya zinki, na majani hayo ndiyo yanayosaidia kuigeuza zinki kuwa chembe ndogo mno, jicho haliwezi kuziona, bila dawa kali za kiwandani. Zikichomwa unabaki unga mweupe wa kupaka kwenye kioo cha sola, usaidie kugeuza jua kuwa umeme. Mara ya kwanza alichemshia hapahapa nyumbani, mama yake akimchagulia majani. Unga ulitoka mzuri. Sasa walimu wake walitaka aurudie, utoke vilevile, ndipo amalize.

"Nikitumia mti mwingine, baba, naanza upya. Kazi yote imepotea."

Osward alimkumbuka Marsiana siku ile, akichambua majani na kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya puani, akijivuna kwamba mboga yake inakwenda chuo.

"Tawi moja," akasema. "La chini. Na usinirudie tena."

Levina akachuma, akaosha, akabandika sufuria yenye maji safi aliyokuja nayo kwenye dumu. Mkaa ulipoelekea kwisha akatoka mbio dukani. "Baba, niangalizie moto."

Moto aliuangalia vizuri tu. Kilichomponza ni harufu. Mvuke ulipopanda, jiko likawa lile la zamani, Marsiana amejifunga kitenge kiunoni, anamfokea asifunuefunue sufuria. Alimlilia moyoni kuliko siku ya mazishi. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la magadi, lililokaa palepale alipoliacha Marsiana, aliyeyatia katika kila mboga. Akamimina kilichobaki, akatia na chumvi, akakoroga.

Levina aliporudi alikuta maji yamebadilika rangi. "Baba, umetia nini humu?"

"Magadi, si napika mboga?" akajibu, kana kwamba ameulizwa jambo la kijinga. Kisha akaelewa.

Levina akaketi kwenye kigoda. Maji yale hayakufaa tena kwa kazi yake, na tawi lilikuwa hilo moja. Hakufoka. Aliiepua sufuria, akasema, "Basi tule."

Wakapika wali. Tonge la kwanza Osward alilimeza. La pili lilimshinda, machozi yakamtoka mbele ya mtoto wake.

"Ni ya mama yako hii, Levina. Ni yenyewe."

"Ni yenyewe, baba," akasema Levina, naye analia huku anatafuna.

Alipokwisha kunawa, Osward alitoka akasimama mbele ya ule mti. Kwa kutochumwa ulikuwa umerefuka vibaya, mwembamba, majani karibu yote yako juu, ukiyumba kwa kila upepo. Marsiana aliukata kichwa kila mwaka kabla ya masika ili uchipue chini. Yeye miaka yote miwili alidhani anautunza. Akaingia ndani akatoka na panga, akaukata usawa wa kifua. Sehemu yote ya juu ikaanguka uani.

"Chukua yote," akamwambia Levina. "Na mimi jikoni sikanyagi."

Levina akachemsha upya, kesho yake akaondoka na chupa zake za maji ya mlonge. Paskazia alipoona limebaki shina tupu, akashika kichwa.

"Mzee Osward! Umeukata?"

"Marsiana angekuwa ameshaukata mara mbili," akasema. "Ukichipua, mama, uje na ungo wako."

Jumapili, alipotoka misa, alipitia sokoni akanunua magadi ya kujaza lile kopo.