Fundi wa Rangi Aliyejibu "Hakuna"

Fundi wa rangi za magari anayeitwa Kinyonga hasikii harufu. Hasikii petroli, hasikii mzoga wa panya, hasikii sabuni anayoogea. Pua ipo, kazi haifanyi.

Saa mbili asubuhi amesimama mlangoni mwa chumba cha kupulizia rangi, mikono ina madoa ya bluu na fedha yaliyompa jina hilo. Ameshika vikopo vitatu vidogo. Mbele yake fundi mwenzake, mnene, ovaroli limepasuka magotini, amefumba macho.

"Hii nini?"

"Kahawa."

"Na hii?"

Mwenzake anavuta pumzi mara mbili. "Sabuni. Kwa hiyo si wewe."

"Ningekuwa mimi ungeshaanguka. Haya, ingia kazini."

Kinyonga mwenyewe hawezi kujua kwa pua kama jibu ni sahihi. Vikopo hujazwa na mkewe nyumbani. Yeye hutazama rangi ya kifuniko tu.

Mwaka juzi alikuja pale binti mmoja mtafiti, akiwa na maswali juu ya afya za mafundi. Gereji nzima ikamwita Dada Maswali. Alimkalisha kila fundi kwenye kiti kilichong'olewa garini, akamuuliza kama anavaa barakoa, kama anakohoa, kama kifua kinabana. Kisha akauliza: harufu ya rangi na thina ni kali, ya wastani, au hakuna?

Mafundi wapya walisema kali. Kinyonga, mwenye miaka ishirini na miwili kwenye kazi hiyo, alisema hakuna.

"Huyo muulize kama anasikia hata miguu yake!" mmoja akapiga kelele, wakacheka.

"Sikudanganya," anasema leo. "Sisi tuliamini anayelalamika harufu ni mgeni. Ukiona husikii, ujue umekomaa. Nilijibu kwa majivuno kabisa."

Wakongwe wote walijibu kama yeye, nao ndio waliokuwa wengi. Ripoti ikasema kwa mafundi walio wengi harufu si tatizo. Mwenye gereji alikuwa ameahidi kufunga feni ya kutoa hewa chafu. Akaahirisha. Nani anunue feni ya kufukuza kitu ambacho hakipo?

Lakini jambo moja lilimkereketa Dada Maswali. Alipoyapitia majibu tena, aliona kwamba waliosema hakuna harufu ndio waliokuwa wakikohoa kuliko wote. Akarudi. Safari hii alitaka kuwahoji majumbani, mbali na bosi na mbali na utani.

Kwa Kinyonga alikaribishwa sebuleni. Mama wa nyumba alitoka kuanika nguo, akamwachia mumewe kazi moja: "Baba, niangalizie maziwa jikoni."

Maswali yakaanza. Mara binti akainua kichwa.

"Baba, maziwa yanaungua."

"Yapi?"

Moshi ulikuwa haujafika sebuleni, lakini harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Mkewe aliingia mbio, nguo mbichi begani, akazima jiko.

"Mwanangu, huyu usimuulize habari za harufu," alisema. "Niulize mimi. Akitoka kazini analala ananuka rangi mpaka macho yananiwasha. Mwaka wa tatu huu nalala chumba cha watoto."

"Hukuniambia," mumewe akasema.

"Nilikwambia. Ukasema nadeka."

Binti akaweka kalamu chini. "Kosa ni langu, baba. Nilikuuliza kitu ambacho pua yako haikuwa na uwezo wa kunijibu."

Baada ya hapo alibadili utaratibu. Swali la harufu waliulizwa wake na watoto, na mafundi wakanusishwa vikopo. Kati ya wakongwe saba, watano hawakutambua hata kahawa.

Mwenye gereji alipoletewa majibu hayo mapya, feni ikafungwa. Sasa inanguruma mchana kutwa. Daktari alimwambia Kinyonga asitegemee pua kurudi, na kifua nacho kimeshaumia. Chumba cha rangi haruhusiwi tena kuingia. Siku hizi anapiga msasa nje, na kila asubuhi huwanusisha wenzake vikopo kabla hawajaingia; ujira umeshuka.

Mpango wake ni kuzunguka na vikopo vyake kwenye gereji za jirani. Mbili zimeshamkubalia. Ya tatu walimfukuza wakidhani anauza dawa.

"Wanaocheka wacheke," anasema. "Ila wanuse kwanza."

Ukimuuliza amepoteza nini, hazunguki.

"Chakula kwangu ni cha moto au cha baridi, basi. Ngazi za nyumbani kwa binti yangu, napumzika katikati kama mzee wa miaka themanini. Mke wangu bado yuko chumba cha watoto; anasema ameshazoea."

Anafunga kikopo kimoja kilichokwisha kufungwa.

"Halafu mjukuu. Wa kwanza. Kila aliyempakata alimnusa shingoni, akatabasamu. Nikapewa na mimi. Nikamnusa. Nikatabasamu kama wao."