Kifua cha Mama Mkwe

Hapa Kolwezi kila mtu anakohoa, na kila mtu analaumu vumbi. Malori ya madini yakipita, nguo zilizoanikwa zinabadilika rangi, nasi tunasafisha koo na kuendelea na shughuli zetu. Kwa hiyo kikohozi kiliponishika, mimba ikiwa ya miezi saba, sikuacha kuuza unga sokoni. Mama mkwe wangu, aliyekuwa ametoka Kasaji kuja kungoja nijifungue, alinisihi nipumzike.

"Mama, lala kwanza. Ile kikohozi haiko ya vumbi."

Nilimjibu vibaya. Nilisema labda huko Kasaji wanawake wanalala, sisi wa mjini tunafanya kazi. Mdomo wangu huo! Homa ilipopanda nikameza dawa za malaria nilizojinunulia, nikapoteza muda, hadi pumzi zikaanza kunikatikia. Hospitalini walinipima: malaria hakuna. Ilikuwa gripe, homa ya mafua ile ile tunayoidharau, lakini kwa mwenye mimba, alisema daktari, haina mzaha. Wakaniwekea oksijeni. Mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake, mvulana, mdogo hata nikaogopa kumtazama.

Muuguzi alinieleza kwamba mtoto wa namna hiyo anahitaji joto la kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Nilikataa. Nilikuwa nimeshamuumiza tumboni. Nimkoholee tena usoni? Nilikamua maziwa kidogo, nikageukia ukuta. Wagonjwa wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba simtaki mtoto. Mama mkwe alifungua blauzi yake, akamfunga mjukuu kifuani kwa kitenge, akakaa naye mchana kutwa, kinywa na pua amevifunika. Heri angenitukana.

Lakini mtoto hakuongezeka uzito, na muuguzi akaniwakia.

"Mama, funga kinywa na pua, nawa mikono, umukamate mutoto, umunyonyeshe. Maziwa yako haina gripe. Ukiendelea kumukimbia, tutamupoteza."

Nikampokea. Alikuwa mwepesi, akipumua haraka haraka. Alihangaika, akalipata ziwa, akavuta. Hapo machozi yakanitoka. Nikamwomba mama mkwe anisamehe, kwa sababu ukaidi wangu ndio uliomfikisha mtoto hapa.

Alitazama sakafu.

"Usiseme vile, mama. Ile gripe ni mi niliileta. Nilitoka nayo Kasaji. Nilikuwa nakohoa nyuma ya nyumba, juu musisikie, musinirudishe kwetu."

Akaanza kulia. Nilipaswa kumshika; alikuwa karibu, na mkono wangu mmoja ulikuwa mtupu. Lakini kitu cha kwanza nilichohisi, Mungu anisamehe, kilikuwa furaha: kumbe si mimi. Nilimwacha alie peke yake mpaka mtoto aliposhiba.